Taa ya Mama Juu ya Mto

Wapendwa waombolezaji, Bwana asifiwe, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, shule sikufika mbali, kwa hiyo nikikwama katika kusoma mnivumilie.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Februari 1968, chumba cha nyuma cha duka la baba la kutengeneza redio, akasoma shule ya msingi ya mtaani, kisha chuo cha ufundi umeme alikomaliza mwaka 1988, akatengeneza redio, baadaye simu, na mwaka 2016 akaajiriwa karakana ya droni, kazi yake ikiwa kubadilisha betri droni ikiwa bado angani, yaani droni ndogo, waliyoiita Mtoto, inapanda na betri mpya, inatua mgongoni mwa ile kubwa, Mama, inampachikia, inashuka na ile iliyoisha, Mama asiguse ardhi. Wenzake walimtania kwa jina la Mnyonyeshaji, naye akiwajibu kwamba siku hizi watoto ndio wanaonyonyesha.

Alifunga ndoa takatifu tarehe 20 Agosti 1994, wakajaliwa binti mmoja, kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja, ambaye mafuriko ya tarehe 11 Novemba 2023 yalimchukua darajani akitoka kazini, na mpaka leo hatujamwona. Kwa ruhusa ya mkuu wa karakana kaka akamrusha Mama juu ya mto kumtafuta, asimshushe tena. Kila betri ilipobadilishwa taa ya Mama ilizimika kidogo, maana betri ya akiba ni ya kumshikilia angani tu, na shemeji yangu, aliyeiona toka uani, aliacha kufua mpaka iwake. Mimi nilimwambia kaka kwamba maji yakimwagika hayazoleki, neno ambalo, Mungu anisamehe, mzazi haambiwi.

Alianza kuugua moyo mwezi Februari, akalazwa, kitandani akawa anauliza tu kama imewaka, akatutoka tarehe 6 Mei 2024 alasiri, taa ikiwa imezimika, na wenzake wanasema haijawahi kukawia vile, kisha ikawaka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na wenzake wa karakana, ambao mpaka sasa wanampandishia Mama betri, ndio huo mvumo mnaousikia. Walimuuliza shemeji wafanyeje, naye ameniagiza niseme mbele yenu kwamba leo Mtoto asipande, maana shingo yake yeye shemeji imechoka kwa kutazama juu, na jina la binti liandikwe msalabani chini ya la baba yake.

Basi taa ikizimika, ndugu zangu, msingoje iwake.

Pumzika kwa amani, kaka, na wewe binti yetu, popote ulipo.