Kichupa cha Kornelia na Basi la Saa Tatu

Benchi letu liko Katesh, kando ya barabara ya Singida, pale ambapo mabasi ya Arusha husimama dakika mbili kuteremsha mtu na kupokea mzigo. Wakaaji wa kudumu ni wanne. Yupo Shumbana, tunamwita Bando, ambaye hununua intaneti kabla ya mkate. Yupo Modest, tunamwita Chanjo, aliyechanja ng'ombe wa wilaya nzima hadi akastaafu, na mpaka leo akikushika mkono unahisi anatafuta mahali pa sindano. Yupo Tawakali, tunamwita Mizani, mnunuzi wa mahindi na maharage, ambaye mizani yake haijawahi kukosea kwa hasara yake. Na mimi, fundi viatu, wananiita Soli. Kahawa ni ya Nurdin. Yeye hakai, kwa hiyo hatumhesabu, ingawa ndiye peke yake anayefanya kazi. Mimi nami huwa na kiatu mapajani, lakini hicho ni cha kushikia mkono wakati wa kuongea.

Ijumaa hiyo, saa moja na nusu asubuhi, alikuja Basili kutoka Balangdalalu kwa pikipiki ya kuazima. Alikuwa amevaa koti kubwa na uso wa mtu ambaye hakulala. Hakutaka kahawa.

Basili: Shikamooni wazee.

Sisi: Marahaba.

Basili: Jana hospitali walimkata mke wangu kinyama kidogo kwenye ule uvimbe wa titi. Kimo humu kwenye kichupa, kwenye dawa. Maabara ya kukisoma iko Arusha. Nawaomba, basi la kutoka Singida kwenda Arusha likipita saa tatu, mkabidhini kondakta. Kijana wangu Kelvin atakipokea stendi. Maabara wanapokea mwisho saa tisa.

Chanjo: Na kisipofika leo?

Basili: Mpaka Jumatatu. Na daktari amesema tusipoteze hata siku moja, maana bila majibu hakuna dawa. Huo uvimbe mwezi wa nane ulikuwa punje ya haragwe. Sasa ni yai.

Bando: Ondoa shaka, Basili. Hapa umefika.

Basili: Mmesikia wote?

Sisi: Tumesikia.

Akaweka kifuko cha kaki miguuni pangu, akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Kisha akawasha pikipiki ya watu akaondoka, maana mwenyewe alikuwa anaisubiri kubebea maziwa. Hata hakuwa amefika kwenye kona Bando akatoa simu.

Bando: Wazee, hii saratani mnaiogopa lakini hamuijui. Jana nimesoma mpaka simu ikazima.

Chanjo: Ilizima kwa aibu.

Bando: Sikiliza. Zamani walisema seli imekosea kujinakili. Imepiga kopi, kopi ikatoka chafu, basi. Sasa wapo wataalamu wanasema hapana, huenda haijakosea. Imekumbuka.

Mizani: Imekumbuka nini?

Bando: Ilikotoka. Kabla hakujawa na mtu wala ng'ombe wala mti, kila seli ilikuwa inaishi peke yake majini. Inakula yenyewe, inazaa yenyewe, haina kikao. Baadaye zikaungana zikafanya mwili. Wewe kuwa ini, wewe kuwa ngozi, na hakuna kuzaana ovyo. Imekaa hivyo miaka na miaka. Halafu siku moja, mojawapo kwenye titi la mtu inaamka na kusema: mimi.

Mizani: Mimi nani?

Bando: Mimi tu. Ugonjwa wenyewe ndio huo. Ugonjwa ni "mimi". Afya ni "sisi".

Nurdin: Ndiyo maana wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilitaka kusema kwamba seli haina guu, lakini Nurdin ndiye anayemimina, na mtu mwenye busara hagombani na birika.

Mizani: Hiyo seli naijua. Ni mwanachama wa ushirika. Mmekubaliana maharage yote yaende ghalani, yeye anapitisha madebe mawili mlango wa nyuma.

Chanjo: Anamuuzia nani?

Mizani: Sijaja hapa kuhojiwa. Nasema tu kwamba huwezi kumpiga risasi. Unamwita, mnazungumza bei. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Chanjo: Hiyo methali imeingiaje?

Mizani: Uvimbe ni mgeni.

Chanjo: Na mwenyeji amepona?

Mizani: Methali haikusema lini.

Chanjo akanywa, akaweka kikombe chini polepole. Huyu akiweka kikombe chini polepole, jua kupe wanakuja.

Chanjo: Mimi nitawaambia nilichokiona kwa macho. Josho la kule Mogitu. Tulileta dawa kali, tukaogesha ng'ombe, kupe wakafa wote wakabaki kumi. Tukashangilia. Wale kumi ndio waliokuwa hawaisikii dawa. Wakazaa, na watoto wao hawaisikii. Mwaka wa tatu kupe wanaogelea kwenye josho kama wako mapumziko. Sisi wenyewe ndio tuliowachagua.

Bando: Ndiyo hiyo wanayoisema. Kuna madaktari wanajaribu kutoziua zote kwa mara moja. Wanapiga kidogo, wanaacha, wanapiga tena. Zile dhaifu zinabaki, zinagombania chakula na zile sugu, sugu hazipati nafasi ya kutawala. Bado wanapima kama inafaa.

Hapo nakiri, kwa mara ya kwanza tangu masika, kitu cha maana kilisemwa kwenye benchi letu. Haikuchukua muda kurekebishwa.

Mizani: Kwa hiyo mgonjwa akaoge joshoni?

Nurdin: Mwenda pole hajikwai. Asioge kwa haraka.

Ilikuwa imefika saa mbili na nusu. Nurdin akazungusha kahawa ya tatu na kashata. Upepo wa mlimani ulikuwa mkali, na mtu akishapashwa na kahawa kwenye upepo wa namna hiyo, akili yake inapanda bila mwenyewe kujua.

Bando: Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanasema seli ina ufahamu. Ubongo haina, lakini inajua. Inaonja, inachagua njia, inakumbuka jana.

Nurdin: Basi siku ya mwisho itaulizwa.

Chanjo: Ya titi itaulizwa peke yake, au na ya ini?

Mizani: Ngoja kwanza. Kama ni hivyo, hata hii iliyomo humu inatusikia.

Akainama miguuni pangu, akachukua kile kifuko, akatoa kichupa kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Akakivua kitenge, akakiinua kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na kinyama kidogo, kimepauka, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kilizunguka kidogo kwenye dawa kikatulia. Kornelia, mke wa Basili, tunamjua, ametuletea maharage ya kuchemsha benchini mara nyingi tu. Nafikiri kila mtu aliogopa, na kwa kuwa aliogopa, akazidisha maneno.

Chanjo: Sasa hii ni Kornelia, au si Kornelia?

Bando: Swali zito hilo.

Mizani: Ni robo.

Chanjo: Huyu ni mtu, si gunia. Mimi nawauliza, mkia wa mjusi ukikatika unachezacheza pale chini. Nani anauchezesha?

Mizani: Mwenye mkia.

Chanjo: Mwenye mkia ameshakimbia yuko ukutani.

Bando: Hapo ndipo. Ufahamu hauko kichwani peke yake. Umegawanywa. Kila seli ina kijisehemu.

Nami, nisije nikaonekana mjinga, nikachangia. Nikasema hata kiatu hukumbuka mguu, ndiyo maana cha mtumba kinakubana wakati namba ni yako. Wakaniunga mkono wote watatu. Hapo ndipo tulipokuwa tumefika, wazee wazima, na kiatu nacho kina ufahamu.

Bando: Sasa nifuateni. Seli zilikaa pamoja zikajiita mtu. Sisi watu tukikaa pamoja tunajiita nini?

Nurdin: Wateja.

Bando: Kiumbe. Benchi hili ni kiumbe. Lina vichwa vinne, macho manane, ufahamu mmoja.

Mizani: Na tumbo moja, hilo birika.

Chanjo: Kwa hiyo kichwa kimoja kikisahau, kingine kinakumbuka.

Bando: Ndiyo faida ya "sisi". Hapa hakuna wa kusema "mimi". Hapa pana afya.

Nurdin: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na hapo ndipo basi la Singida lilipofika. Lilisimama hatua tano kutoka kwenye magoti yetu, likapiga honi ndefu. Kondakta akatoa kichwa mlangoni.

Kondakta: Wazee, kuna mzigo hapo?

Bando alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye kiini cha hoja yake. Akainua mkono bila kugeuka.

Bando: Pita, kijana, usituharibie mada.

Kondakta akagonga bodi mara mbili, basi likaondoka. Moshi wake ukatujia, Mizani akafunika kikombe chake kwa kiganja. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika kichupa.

Mimi basi nililiona. Nisizunguke, nililiona vizuri, hata tairi la nyuma nikaliona limechakaa. Nikajisemea kwamba kama lingekuwa ndilo, mmoja wetu angesimama. Kwa kuwa hakuna aliyesimama, nikajua silo. Nadhani na wenzangu walijua hivyohivyo, kwa njia hiyohiyo. Tukaendelea na ufahamu saa nzima nyingine: kama mlima Hanang unajijua, na kama kupe akimnyonya profesa anapata elimu. Mizani alishikilia kwamba anapata, ila cheti hapewi.

Saa nne na kidogo, gari la kutoka Balangdalalu likateremsha watu ng'ambo ya barabara. Mmoja wao alikuwa Kornelia. Alikuwa amekuja kusafishwa kidonda. Alivuka taratibu, amejitanda kitenge begani kuficha bandeji, mkono wa kushoto ameushikilia kwa wa kulia.

Kornelia: Shikamooni baba zangu.

Sisi: Marahaba.

Bando: Pole sana, mama Kelvin.

Kornelia: Nimeshapoa. Baba Kelvin anawasalimu, anawashukuru kwa msaada.

Kisha akaona mkono wa Mizani.

Kornelia: Hicho si changu?

Mizani akakitazama kichupa kana kwamba kimemwotea kiganjani. Akakiweka kwenye benchi, taratibu sana, na kitenge chake pembeni.

Kornelia: Kwani basi la Singida halijaja?

Aliyejibu ni Nurdin, yeye ambaye hatumhesabu.

Nurdin: Lilikuja, mama.

Kornelia: Likapitiliza?

Nurdin: Lilisimama.

Chanjo: Tunaweza kutuma bodaboda alifukuze.

Nurdin: Limeondoka saa nzima. Na la pili linaingia Arusha saa kumi.

Kornelia alitikisa kichwa kidogo. Sikuona hasira, na ningependa kuiona. Alikuwa kama mtu anayeuliza njia ya kwenda mahali.

Kornelia: Baba Kelvin alisema amewaachia hapa na mkasikia. Alimwambia nani?

Bando: Alituambia sisi.

Kornelia: Ndiyo. Lakini nani?

Chanjo: Sisi, mama Kelvin. Tulikuwa wote.

Kornelia: Sisi ni nani?

Akasubiri. Aliuliza akitaka kujua, basi, amjue mtu wa kumuuliza ilikuwaje. Bando akatazama simu ambayo ilikuwa imezima. Chanjo akaanza kukagua kucha zake. Mizani akasogeza kikombe, Nurdin akainamisha birika, kikatoka kijiko cha mashapo na mvuke. Kahawa ilikuwa imekwisha. Barabarani hakukuwa hata na gari la kutuokoa.

Alipoona hatujibu, akaokota kipande cha kitenge, akakiviringisha kichupa kwa mkono mmoja, ule mzima. Ilimchukua muda. Wazee wanne wenye mikono minane tulimtazama mpaka akamaliza.

Kornelia: Ngoja nimpigie Kelvin, asije akasimama stendi bure. Jumatatu si mbali.

Alisema hivyo kutufariji sisi. Kisha akaenda zake hospitali kusafishwa kidonda, kichupa kikiwa kifuani, upande usiouma. Mle kwenye dawa kinyama kile hakikuwa na haraka yoyote. Kilichobaki mwilini mwa Kornelia ndicho kilichokuwa na haraka, na siku tatu tulikuwa tumekipa sisi.

Jibu la swali lake nilikuwa nalo. Basili alikiweka kile kifuko miguuni pangu, na alinitazama mimi, na mimi ndiye niliyeitikia. Lilikuwa neno moja tu, lile ambalo Bando alisema ndilo ugonjwa wenyewe, na asubuhi ile lingekuwa dawa. Niliona aibu. Bado alikuwa hajafika kwenye kona, ningeweza kumwita. Nikachukua sindano, nikaendelea kushona kiatu cha mtu.