Karatasi Moja ya Boadi na Dufie

Boadi, Dufie, wanangu, tulieni mnisikilize, tena mnisikilize mpaka mwisho, maana pumzi ya kurudia sina. Araba, msaidizi wangu wa dukani, ndiye anayenishikia simu hapa kitandani, na nimemwagiza sauti hii iwafikie kwa pamoja, aliyeko Hamburg na aliyeko Accra, asije mmoja akalalamika kwamba mwenzake aliambiwa kwanza. Ndivyo nilivyofanya na wateja miaka yote niliyojalidi vitabu hapa Kumasi: neno la kazi nalisema mara moja, wote wanaohusika wakiwa wamekaa mbele yangu.

Mali yangu si ya kutoana macho. Vile vyumba viwili vya Bantama ni vyenu nyote, asiuze mmoja bila mwingine kujua. Mashine ya kukatia karatasi nimempa Araba, ameitumikia kuliko mtu yeyote, na mkija na maneno yenu juu ya hilo nitawasikia huko nitakakokuwa. Nguo zangu ni za Dufie. Mfupa wangu wa kukunjia karatasi, ule uliolika upande mmoja kwa kidole changu, ni wa Boadi, aliyekuwa akijikunia nao mgongo nikiutafuta duka zima.

Sasa la baba yenu. Alipofariki, ukoo wake ulitangaza tarehe ya mazishi siku ya wiki moja tangu kifo, kabla hata karatasi ya kijitabu cha mazishi haijanunuliwa, na mimi mjane nilikuwa nimefungiwa ndani kwa mila, siruhusiwi kukanyaga dukani. Kila mtu akadhani mwenzake ameshawaambia wachapaji. Dufie, ulimpa binamu yako maneno yako ya kumuaga baba, binamu akaapa kwamba alimkabidhi Boadi, Boadi ukaapa hukuyaona, na kule kwenye uchapaji walipokuta ukurasa mtupu wakajazia picha ya lile gari lake bovu. Nilikuwepo ulipokifungua kijitabu kile mbele ya waombolezaji ukasema, “Kumbe mtoto wa baba ni gari, mimi siye?” Na wewe Boadi, badala ya kumshika dada yako mkono, ukamjibu, “Waulize waliochapa.” Basi. Tangu siku hiyo hamjasemeshana, na mimi mpaka leo sijui karatasi ile ilipotelea kwa nani, wala sitaki tena kujua.

Ninachojua ni nyumba hii ilivyo kimya. Boadi unanipigia Jumapili, unauliza, “Maa, umekula?” halafu kabla ya kukata unauliza habari za “yule mtu wako wa Accra”, kana kwamba hana jina. Dufie huulizi kitu, ila nikitaja Hamburg naisikia pumzi yako. Krismasi iliyopita nilipika supu ya watu watatu, mwenyewe nikijua hakuna anayekuja, na Araba alikuwa ameenda kwao. Nilikula nikiitazama ile sufuria kubwa nikaona aibu. Upweke umenimaliza, wanangu, kuliko huu ugonjwa.

Kwa hiyo kijitabu cha mazishi yangu nimekipanga mwenyewe. Kipo chini ya mto, cheupe, kina majina tu niliyoandika kwa penseli. Kila kazi ngumu niliianza hivyo, nakunja karatasi tupu, nabana pini, namwekea mteja mkononi aone mapema ni wapi mgongo wa kitabu utameza maneno na ni wapi kisu kitamkata marehemu utosi pichani. Boadi, wewe nimekuweka karibu na mwanzo. Dufie, wewe uko kule karibu na mwisho. Najua mtafurahi kukaa mbalimbali. Lakini toeni pini, mkunjue: kurasa zenu ni karatasi moja, mmelala bega kwa bega kama mlivyolala kwenye mkeka wangu, na mchapaji hawezi kumchapa mmoja kabla hajampata mwingine. Na atakayeng'oa ukurasa wa mwenzake, wake nao utachomoka.

Araba ameshapewa maagizo, na mzee wa ukoo amekubali. Siku ya wiki moja isitangazwe tarehe yoyote. Araba hatapokea maneno yenu ya kuniaga kwa simu, wala kwa mkono wa binamu. Mtakuja wenyewe, wawili, mkae kwenye meza yangu dukani, kila mmoja asome alichoandika mwenzake, ndipo karatasi ikatwe. Msijazie picha. Mkikawia mwezi, sawa, mkikawia mwaka, sawa, nitakuwa palepale kwenye barafu ya mochwari hospitalini nikiwangoja, na mnajua tangu zamani mama yenu hapendi baridi.

Ngoja... ngoja nipumue.

Boadi, usilale na njaa huko. Dufie, mwanangu, kichwa kigumu hicho ni cha baba yako, mimi simo, lakini moyo ni wangu. Mungu awape... awape uzeeni watu wa kuwasemesha. Watoto wenu wakae meza moja. Nimewabariki wote wawili, mara moja, kwa pamoja, hakuna wa kwanza.

Araba, basi. Itume. Hapana, simu usiiweke mbali... iache hapa karibu na sikio. Huenda wakapiga.