Maiti Aliyepumua

Ukitoka soko la mifugo la Isiolo ukashika barabara kubwa ya Moyale, kabla hujafika kituo cha mafuta utaona benchi refu limeegemezwa ukutani, mbele ya duka la magodoro. Hapo ndipo wanaume kadhaa humalizia jioni zao baada ya swala ya alasiri. Mwenye duka ni Abdinajib, mtu wa kitambi na sauti nene. Wanamwita Nyota, kwa sababu kila Ijumaa huingia redio ya mtaani akazihukumu filamu: mbaya huipa nyota moja, nzuri tano. Erot, mpakiaji wa malori, anaitwa Jambazi. Huqa, dalali wa mbuzi, mwembamba na mwenye haya, anaitwa Marehemu. Majina hayo mawili yalikuja na filamu moja ya ukame ambayo vijana kutoka Nairobi waliipiga mwaka jana upande wa Kipsing. Erot alipewa bunduki ya mbao. Huqa alipewa kulala chini. Anayewamiminia kahawa ya tangawizi ni Naimo, na yeye hana jina la utani, maana hakuna anayetaka ugomvi na mwenye birika.

Jumamosi hiyo Huqa alikuja kijiweni na kifundo moyoni. Filamu ilikuwa imeletwa mjini hatimaye, ikaonyeshwa ukumbini kwenye shuka jeupe, na watu wakapiga makofi. Huqa alitembea siku hizo kama aliyeoa upya. Halafu Ijumaa ikafika. Alikuwa sokoni, mkono wake umo chini ya shuka pamoja na mkono wa mnunuzi, wanabishania bei kwa vidole, redio inanguruma kwenye kibanda cha jirani. Akamsikia Nyota: "Hii muvi ya Kipsing naipa nyota moja. Sababu ni moja tu. Maiti anapumua." Mnunuzi akauachia mkono wake ili apate nafasi ya kucheka. Alipofika nyumbani, mkewe Gumato alikuwa amesikia pia, na watu wake wote wa Garba Tula walikuwa wamesikia. Gumato ndiye aliyekuwa akimruka na sufuria mkononi majuma mawili, wakati Huqa amejinyoosha kwenye mkeka akijizoeza kufa. Sasa naye alicheka hadi akaketi.

— Salaam aleikum, Huqa akasema.

— Aleikum salaam, Marehemu, Nyota akajibu. Keti. Naimo, mwekee kahawa.

— Mimi siketi.

Akabaki amesimama kidogo, kisha akaketi, kwa sababu mahali pake palikuwa wazi na kahawa ilikuwa imeshamiminwa.

— Nyota, nikuulize. Wewe ni rafiki yangu?

— Rafiki kabisa.

— Sasa kwa nini unaniaibisha kwa redio ati napumua?

— Kwa sababu ulipumua. Redio si ya urafiki. Nikidanganya leo, kesho nani ataamini nyota zangu?

Erot alikuwa akitafuna miraa taratibu upande wa pili. Akatema kijiti.

— Hiyo ilikuwa upepo. Nyinyi hamjui upepo ya Kipsing. Inapuliza mpaka jiwe inapumua.

— Upepo haingii ndani ya tumbo, Jambazi. Tumbo ilipanda, ikashuka, ikapanda tena.

— Mtu akipigwa risasi hafi papo hapo, Huqa akasema, na jambo hilo alikuwa amelifikiria usiku kucha. Roho inatafuta mlango kwanza.

— Sawa. Lakini wewe walikuzika. Walikufunika shuka, wakakuwekea mchanga, na shuka bado inapanda na kushuka. Roho gani hiyo inatafuta mlango mpaka ndani ya kaburi?

Naimo aligeuka upande, akajifanya anapanga vikombe. Mabega yake yalitikisika. Huqa aliyaona, akahisi masikio yanamchoma.

— Haya, akasema. Ile muvi ya mapenzi ulisifu mwezi jana. Msichana anaimba kwa mvua, kila akigeuka ana nguo ingine, tena kavu. Ulipatia nyota nne. Hapo macho yako yalikuwa wapi?

— Ile mvua ilinyesha kutoka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Sisi hapa tumeona mvua kama hiyo lini? Nyota mbili zilikuwa za mvua peke yake.

— Na ile ya wafu wanaamka kwa makaburi wanafukuza watu mjini? Wale wamekufa kabisa na wanakimbia. Ulipatia tatu.

— Wale kazi yao ni kukimbia. Dairekta aliwaambia wakimbie, wakakimbia vizuri. Wewe alikwambia ulale.

— Na katuni?

— Katuni gani?

— Ile ya ngamia inaongea na inavaa kofia. Nyota tano, Nyota. Tano. Mimi ni dalali, nimezaliwa kati ya mifugo. Ngamia gani inavaa kofia?

Nyota aliweka kikombe chini kwa heshima.

— Yule ngamia alipotezana na mama yake kwa jangwa, akamwita. Huqa, alimwita kama ngamia kweli anavyoita. Mimi mtu mzima nilitoa machozi dukani, mteja amesimama pale anangojea godoro. Nikikwambia ni nyota tano, ni tano.

— Na yule wa kwenda nyota za mbinguni na chombo ulimpa moja tu, Erot akachangia.

— Yule hana adabu. Amesafiri mbali hivyo, amefika kwa watu, anapiga risasi kabla ya salamu. Hata maji hajaomba.

Wote wakakubali kwamba hapo Nyota alihukumu haki. Huqa pia alikubali, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

— Mimi najua shida iko wapi, Erot akasema, akasogea karibu. Huyu anauza magodoro. Sasa angalia ile muvi yetu. Watu wanalala chini kwa mchanga, wanakufa kwa mchanga, wanazikwa kwa mchanga. Kutoka mwanzo mpaka mwisho hakuna mtu analala kwa godoro. Ameona biashara inaharibika.

— Wacha upuzi, Nyota akasema.

— Basi kama si godoro, Naimo akasema polepole, akiwa bado amewapa mgongo, ni ile siku ya kuchagua watu. Nilisikia hata wewe ulipanda pikipiki ukaenda Kipsing.

Nyota alikuna shingo.

— Nilienda kuangalia.

— Wakakwambia nini?

— Waliniambia... Akaangalia kitambi chake kama kitu alichokabidhiwa na mtu mwingine. Waliniambia ukame haijanifikia.

Erot alicheka hadi miraa ikamkwama kooni, Naimo akampa maji. Huqa hakucheka. Kwa muda mfupi alimwona rafiki yake amesimama juani kwenye foleni, amevaa shati lake zuri, anarudishwa.

— Nilikuwa nimejifunza kulia, Nyota akasema kwa sauti ndogo. Hawakutaka hata kusikia.

— Kwa hivyo ulikuwa unaangalia pumzi yangu kwa wivu.

— Wivu ama si wivu, Huqa, tumbo ilipanda.

— Ngojeni, Erot akasema, akipangusa macho. Sasa nimeelewa. Huyu hakupumua na Nyota hadanganyi. Wale vijana wa Nairobi wana kompyuta. Walitia hiyo pumzi huko kwao.

— Kwa sababu gani?

— Ili watu waseme mtu wa Isiolo hata kufa hajui. Mwaka ujao waje na maiti yao kutoka Nairobi.

Huqa aliona jambo hilo linaingia akilini vizuri mno. Alikumbuka kijana wa kamera aliyekuwa akitabasamu bila sababu. Alikumbuka jinsi alivyobana pumzi mpaka mbingu zikawa nyekundu ndani ya kope zake. Mtu hawezi kubana hivyo halafu akapumua. Nyota naye alianza kutikisa kichwa kama anayekubali, na pengine wangeamua siku hiyo hiyo kuandamana, kama si mama mmoja aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi na mkoba mapajani.

Basi lake la Marsabit lilikuwa kituo cha mafuta likibadilishwa gurudumu. Alikuwa amejitambulisha kwa Naimo kwa jina la Regina, akaomba kahawa, na tangu hapo alikuwa akisikiliza tu.

— Samahani, wazee, akasema. Huyo maiti alikuwa nani?

— Ni mimi, Huqa akasema, akijiweka sawa.

— Hapana, hiyo nimesikia. Nauliza kwa filamu. Huyo mtu aliyekufa alikuwa nani?

Huqa alikumbuka walivyomwonyesha mahali pa kulala, wakaunyoosha mguu wake wa kushoto, wakamwagia shati lake maji mekundu yenye sukari yaliyoita nzi. Walimwambia asiangalie jua. Hakuna aliyemwambia jina. Naye hakuuliza, kwa kuwa alikuwa na furaha ya kuchaguliwa. Akamgeukia Erot.

— Jambazi, wewe ndiye uliniua. Nilikuwa nani?

— Mimi sikuambiwa. Walisema kimbia ukipiga kelele. Hata kukuua nilijua kwa ukumbi.

— Tulikuwa tumekosana nini?

— Sijui, ndugu yangu. Walahi sijui.

Erot si Mwislamu, lakini kiapo hicho kilimtoka chenyewe, na hakuna aliyekicheka. Wote wakamwangalia Nyota, ambaye alikuwa ameiona filamu mara mbili ili hukumu yake isiwe na doa.

— Mimi, Nyota akasema, nilikuwa naangalia tumbo.

— Alikuwa na mke? Regina akauliza.

— Hakuonekana, Huqa akasema.

— Watoto?

— Walinizika wanaume wanne, wakapanda gari.

— Hakuna mtu alilia?

Huqa aliirudia filamu yote kichwani, kutoka ng'ombe wa kwanza kuanguka mpaka mchanga kufunika shuka. Ukumbini alikuwa amejitafuta mwenyewe tu, akajiona, akafurahi. Sasa alimwona yule mtu mwingine, aliyelala na mguu umenyooshwa.

— Hapana, akasema. Hakuna.

Honi ya basi ikalia. Regina akarudisha kikombe, akautundika mkoba begani. Alisimama mbele yao kidogo kama mtu aliyepita kwenye nyumba asiyoijua akakuta viatu vingi mlangoni.

— Basi poleni, akasema.

— Tumeshapoa, Huqa akajibu.

Akavuka barabara, basi likaondoka kuelekea kaskazini. Naimo aliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Nyota. Hakikutoka kitu. Akalifunika, akaketi nao pale benchini, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

— Tuseme alikuwa mtu wa Kipsing, Nyota akasema.

— Mwenye mbuzi, Huqa akasema.

— Mwenye mbuzi. Anaitwa nani?

Wakakaa wakifikiri.