Mama Hamira: Aliyeoka Mkate wa Meza Akanyimwa Kuula

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, punguzeni kelele za sufuria. Leo tunamkumbuka mwoka mikate. Nawaambia mapema, sauti yangu leo haitakuwa ya upole. Anayetaka kubembelezwa abadilishe stesheni, hatutagombana.

Mtaa mzima ulimwita Mama Hamira. Si kwa ajili ya mikate tu. Ni kwa sababu ukimgusa kidogo, anaumuka. Mteja akibonyeza mkate kisha akaurudisha rafuni, alikuwa anakiona cha mtema kuni. "Umeubonyeza, umeuoa! Chukua mkeo, nenda nyumbani!" Kuna watu walibonyeza makusudi, ili tu wamsikie.

Mama Hamira alifariki wiki iliyopita. Alikuwa Mkristo. Narudia, wasikilizaji: alikuwa Mkristo. Narudia kwa sababu wapo wanaosema hakuwa.

Aliolewa akiwa binti wa kwaya. Mumewe alikuwa muuza mbao, mtu wa suti na tabasamu. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Siku moja chai ilipoa. Kwa ajili ya chai iliyopoa, mume alimvunja mkewe mkono wa kushoto. Kesho yake Mama Hamira akamfunga mtoto mgongoni, akatoka na mkono wake mmoja, akaenda kuomba chumba nyuma ya duka la mikate. Hakurudi tena.

Mkono ule ulipona ukiwa umepinda. Alijifundisha kukanda unga kwa ngumi ya kulia na kiwiko cha kushoto. Ukipita asubuhi ulisikia: puu, puu, halafu kimya kidogo, halafu puu. Kwa mkono huo huo mwishowe akawa mwenye duka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kanisa lilimtenga. Si mume aliyetengwa, ni yeye. Wazee wa kanisa walisema mke aliyeacha ndoa hana ruhusa ya kushiriki meza ya Bwana. Arudi kwa mumewe, au asimame mbele ya washirika wote, atubu kosa la kuondoka. Ndipo atarudishwa kundini.

"Nisimame niombe msamaha kwa sababu mkono wangu umevunjika?" aliwauliza.

Hakusimama. Basi wakamweka benchi la nyuma, karibu na mlango, na meza ikawa haimhusu. Miaka ikapita. Na yule mume, wasikilizaji wapendwa? Yule mume alichaguliwa mzee wa kanisa. Akapewa kubeba sahani ya mkate. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini hawakusema nyani atavalishwa suti na kupewa sahani.

Kisha likaja la kushangaza zaidi. Mama aliyekuwa akioka mkate wa meza alihama mji. Mchungaji akatafuta mwingine, na mkate mzuri kuliko yote mtaani ulikuwa wa nani? Wakaenda kwake bila haya. Na yeye akakubali.

Binti yake, ambaye leo ndiye anayesimamia tanuri, alitusimulia: "Mimi niligomba. Nilimwambia, mama, hawakutaki, halafu unawaokea? Akaniambia, 'Mwanangu, mkate si wao. Meza ina mwenyewe.'"

Basi kila ilipokaribia Jumapili ya meza, Mama Hamira alikanda mkate ambao hakuruhusiwa kuula. Na huku akikanda, alisali. Msidhani ni sala ya kunong'ona. Alimfokea Mungu. "Baba, leo nimekasirika, na unajua ni kwa ajili ya nani! Umemwona na tai yake?" Puu! "Nipe moyo wa kumsamehe, maana nilio nao haufai!" Puu! Alilia, akacheka, akapangusa pua kwa kiwiko, akaendelea. Binti aliwahi kumuuliza kama haogopi kumpigia Mungu kelele.

"Niogope nini?" alisema. "Kule kanisani mimi ni wa benchi la nyuma. Hapa jikoni tuko wawili, na hajawahi kuniambia toka."

Neema aliipata hapo, wasikilizaji. Kwenye unga, kwenye moshi, kwenye mkono uliopinda. Aliipata kila siku ya kazi, wakati wenye funguo za kanisa wakiwa bado wanajadili kama anastahili.

Lakini aliitaka ile meza. Msije mkafikiri hakujali. Aliitaka sana.

Jumapili moja mchungaji alihubiri kwamba Bwana hakumfukuza mtu mezani pake. Mama Hamira alisikia, akainuka. Akatembea kutoka benchi la nyuma mpaka mbele, akapiga magoti, akafungua viganja. Pembeni yake alikuwa amepiga magoti mama mkwe wake, mama mzazi wa yule muuza mbao. Na mwenye kubeba sahani alikuwa nani? Ndiye huyo huyo. Akampa mama yake kipande. Akafika kwa Mama Hamira. Akamruka.

Alimruka! Akiwa ameshika mkate ambao mwanamke yule aliukanda jana yake, alimruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Ndipo mama mkwe akakimega kipande chake katikati, akamwekea nusu kwenye kiganja.

"Kula, mwanangu," akasema, na watu wote wakasikia. "Aliyekuvunja mkono nilimzaa mimi."

Mama Hamira akala.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na bibi yule siku ile alibeba uchungu wa wana wawili. Wiki iliyofuata ikasomwa kanisani: naye bibi ametengwa, mpaka atubu. Bibi akajibu, "Nitubu kwa kumega mkate? Basi nitengeni vizuri, msinibakishe." Akafunga virago, akatoka nyumbani kwa mwanawe, akahamia kwa mkwewe nyuma ya duka. Tangu hapo benchi la nyuma likawa na watu wawili. Kitabu kimoja cha nyimbo, na bibi ndiye aliyekishika, akiimba kwa sauti kuliko kwaya nzima.

Mwaka huu kifua cha Mama Hamira kilimshinda. Alipokuwa hoi, mchungaji alikuja na kijisanduku chake chenye divai na mkate. Binti alikuwepo, bibi alikuwepo. Mchungaji akainama kitandani.

"Mama, tamka tu kwamba ulikosea kuondoka. Nitakupa meza sasa hivi."

Mama Hamira akavuta pumzi kwa shida. "Nimekosea mengi, mchungaji. Nimetukana watu. Nimemchukia mtu miaka mingi. Hayo nayatubu yote, mbele yako na mbele za Mungu. La kuondoka, hapana."

Mchungaji akafunga kijisanduku, akaondoka. Na mkate uliokuwa ndani yake, wasikilizaji wapendwa, ulitoka tanuri gani? Nijibuni.

Binti alitaka kumfuata barabarani. Mama akamzuia. "Lete mkate wowote uliobaki dukani," akasema. Bibi akaomba, akaumega, wakala watatu pale kitandani. Binti alikuwa analia kwa hasira. Mama yake akamshika mkono.

"Usilie. Bwana alishanipokea zamani. Ni hawa tu hawajapata habari."

Kesho yake akafariki.

Wazee hawakufungua mlango wa kanisa. Ibada ilifanyika uani, kati ya magunia ya unga, akaiongoza bibi mwenyewe. Na katikati ya msiba, mjumbe wa wazee akabisha. Msidhani alileta rambirambi. Alikuja kuuliza Jumapili hii nani ataoka mkate wa meza.

Watu nusura wamrarue. Bibi akainua mkono, wakatulia. "Waambie utaokwa," akasema. "Ila safari hii hatutauacha mlangoni. Mimi na mjukuu wangu tutaubeba wenyewe mpaka mbele, na tutapiga magoti hapo hapo."

Kwako binti: umempoteza mama, pole sana. Kwako bibi, uliyemzika mkwe uliyempenda kama mwana, pole. Kwa wote mliokanda naye na mliofokewa naye, poleni. Bwana ambaye hakumfukuza jikoni ampumzishe.

Na ninyi mnaoenda kanisa lile, leo sina la kuwabembeleza. Jumapili hii wanawake wawili watapiga magoti mbele yenu. Sahani itapita. Huenda ikawaruka. Wewe utakayekuwa pembeni yao utakuwa na kipande mkononi. Fikiri sasa hivi utakifanya nini.