Kidole cha Kinyozi

Sogeeni wanangu, sogeeni na viti vyenu, na wewe kifunguamimba acha kulia kama bomba lililopasuka, bado sijafa, nikifa mtajua wenyewe maana nyumba nzima itanyamaza. Mimi baba yenu nimenyoa vichwa vingi kuliko nyota, nywele nilizofagia dukani mwangu ungeshona godoro la kulalia nchi nzima na mto ukabaki, na haijatokea siku nikakosa la kusema. Leo nalikosa. Leo nasema nikitazama ukuta, na msinigeuze, niacheni hivi hivi, maana tangu juzi uso huu nauonea haya hata mimi mwenyewe.

Mnaijua ile mimea yangu ya dirishani. Nani haijui? Hata wenye vipara walikuwa wanakuja kukaa kwenye benchi, wanyolewe nini, walifuata mimea inayokula nzi: ule wa midomo yenye meno, ule wa vikombe vyenye mfuniko, na ule wa majani yenye matone ya gundi, ambao nzi akitua keshaaga kwao. Nami nikishaona benchi limejaa, nachukua kidole hiki, nakitia kwenye mdomo wa mmea, nagusa vile vinywele vya ndani, mdomo unafumba, pa! Watu makofi. Nikawaambia uliwahi kumla paka, nikawahi kuona mkia tu unaning'inia. Nikawaambia nikifunga duka naufunga mnyororo. Na wapo walioamini, yule fundi baiskeli mpaka leo akipita pale anambeba mwanawe begani.

Kila aliyekuja, kidole. Mteja, kidole. Muuza magazeti, kidole. Jioni naipa vipande vya nyama, maji naipa ya bomba, nikasema kitu kinachokula nyama kitachagua maji? Na haikufa! Baada ya ule wa kwanza haukufa hata mmoja, wanangu, nikajisifu kwamba mkono wangu una baraka, kwamba nikitema mate juu ya jiwe panaota msitu. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma mpaka nikajiziba masikio.

Mtu mmoja tu aliona. Yule muuza nyama, jirani yetu. Alikuwa kwenye kiti changu, upande mmoja wa kichwa nimeshamaliza, akatazama dirishani akasema, "Fundi, huu sio ule. Ule ulishaanza kuwa mweusi midomo. Huu mbichi kama mtoto wa jana."

Nikamwambia, "Wewe kazi yako mizoga, vyenye uhai umevijulia wapi?"

"Haya bwana," akasema, "lakini huu sio ule."

Benchi zima likaangua kicheko. Nikamvua kitambaa cha shingoni, nikamwambia toka, akatoka, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ni kichaka, akapita barabara nzima vile. Tangu siku ile hatusalimiani. Nikiona kivuli chake nageukia kioo.

Sasa sikilizeni. Mliponihamishia chumba hiki cha nyuma, kwa kuwa miguu imekataa safari ya chooni, sikuwahi kujua dirisha hili linatazama nini. Mimi mtu wa mbele, wa barabarani, wa makofi, uani ningefuata nini? Juzi nikasikia mtu anaongea nje, nikafunua pazia kidogo. Ni Kimya, binti yangu, kitindamimba wetu huyu, fundi cherehani wetu, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hajawahi kugombania hata kipande cha sabuni. Amechuchumaa nyuma ya tangi la maji ya mvua, na mbele yake makopo, ya rangi, ya maziwa, yamekaa kwenye masinia yenye maji, na kila kopo lina mmea. Midomo, vikombe, gundi, wazazi na vitukuu, kijiji kizima! Akaushika mmoja, akaupangusa vumbi, akauambia taratibu kama anayempeleka bibi harusi kwa mama mkwe mkali, "Haya dada, twende, leo zamu yako dukani. Baba yuko kitandani, lakini kidole amekirithi kaka, kwa hiyo jikaze." Na pembeni, kivulini, kulikuwa na beseni, humo wamelala waliorudi kutoka kwangu, midomo myeusi, wanauguzwa.

Nilijifunika shuka gubigubi. Wanangu, nilijifunika kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Alipoleta maji ya kunywa nikamuuliza, "Tangu lini?" Akasema tangu ule wa kwanza kabisa, nilioutupa jalalani wakati wa baridi nikidhani umekufa, kumbe umelala tu, naye akauokota. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akaniwekea mto vizuri, akasema, "Ulikuwa unafurahi sana, baba." Basi. Afadhali angenipiga kofi. Mimi ndiye niliyekuwa nasema mbele ya wateja kwamba Kimya hata ua la plastiki likikaa mikononi mwake litanyauka, na yeye yuko mlangoni, anasikia, ameficha mmea mzima chini ya kanga anangoja nitoke akabadilishe uliokufa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema, mimi mshindo huo umenipata sina hata miguu ya kukimbilia.

Nikamwambia anifundishe. Mwalimu wangu wa darasani alishindwa, huyu kaweza. Maji ni ya mvua, ya bomba yanaiua polepole. Udongo usio na rutuba, mbolea ni sumu. Nzi itajikamatia yenyewe. Na kila mdomo umepewa kufumba mara chache tu maishani, ukiufumbisha bure unaula umri wake, ukiisha unakuwa mweusi. Mnasikia? Niliwaambia watu mimea yangu inakula nyama, kumbe mlaji nilikuwa mimi.

Kifunguamimba, najua nilichotamka mbele ya shangazi yenu, kwamba mimea ni yako kwa kuwa wewe ndiye unayecheka nikiwachekesha watu. Nayafuta maneno yale. Kiti ni chako, mashine, mikasi na kioo ni vyako, wembe unole, usichane watu masikio. Mimea siirithishi kwa mtu, maana haikuwa yangu hata siku moja, mtu hausii cha mwenzake. Nilicho nacho ni dirisha. Dirisha la duka, lenye jua, nampa Kimya, aweke makopo yake mbele ya watu, na mtu akiuliza ni ya nani, wewe kaka yake ujibu, kwa sauti, benchi zima lisikie. Na atakayenyoosha kidole, umpige mgongoni kwa brashi, hata akiwa diwani.

Na muuza nyama mwite. Nina deni lake, nusu ya kichwa. Umkalishe, umnyoe vizuri, umwambie baba amesema kweli haukuwa ule.

Maji... haya, yatosha. Sauti inaniacha, ajabu, iliyosikika mpaka ng'ambo ya bahari. Kimya, sasa nigeuze, lete mmoja hapa dirishani. Huo huo mdogo. Uweke... karibu. Unaona ulivyoufungua mdomo? Mkono unaniwasha, mwanangu, tabia ni ngozi. Njoo ukishike hiki kidole. Kaza. Usikiachie kikaenda kule.

Mungu awape... awape mikono ya dada yenu. Na nyie wengine mjifunze kunyamaza, mimi nimechelewa. Kimya, nisamehe, usijibu, itikia kwa kichwa tu...

Nzi huyo. Mwacheni. Aende mwenyewe.

Umeshika?