Nani Kaitoa 219?

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa. Kanisa lilipopata viti vya sponji, mabenchi yakatupwa nje, na hili likaishia kona ya Mtaa wa Dabney, kati ya duka la donati na lile la kufulia nguo kwa mashine. Tangu lifike hapo limesikia uongo mwingi kuliko liliousikia likiwa ndani. Wenyeji wake wa Jumamosi asubuhi ni wanne, kila mtu na kahawa yake kwenye kikombe cha karatasi. Kuna Wardell Tibbs, wanamwita Breki, maana ameendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na mpaka leo mguu wake wa kulia hukanyaga chini mtu akisema neno asilolipenda. Kuna Hollis, yaani Gazeti, aliyeacha shule darasa la tisa, lakini hakuna taarifa ya kikao cha kaunti ambayo hajaisoma mpaka mhuri. Kuna Bi Arnetta, Bibi Harusi, waume wanne, wawili marehemu, wawili marehemu kwake. Na kuna Verlene Pruitt, ambaye hana jina la utani. Tangu mumewe Lucius apigwe kiharusi akawa wa kulala, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtungia.

Jumamosi hiyo Breki aliomba Mungu Verlene asije.

Verlene akaja. Hakununua hata kahawa. Alijipenyeza katikati yao, akafungua mkoba, akatoa ramani ya bodi ya shule, akaikunjua mpaka ikawafunika mapaja wote wanne kama shuka ya hospitali.

– Mmeiona?

– Tumeiona, dada, akasema Gazeti. Jumatatu jioni wanaipigia kura.

– Basi itazameni tena mbele yangu. Nyumba yangu hii. Sekondari ya Ollister hii hapa. Kengele ya chakula ikilia, mjukuu wangu anavuka barabara, dakika nne yuko kwa babu yake. Anamgeuza, anamlisha, anambadilisha, anarudi darasani. Mkuu wa shule mwenyewe kamwandikia ruhusa, mwaka wa pili sasa. Leo naambiwa kuanzia Agosti Kezia anahamia Tarvin. Basi dakika hamsini kwenda, hamsini kurudi.

– Na wewe kazini huwezi kuomba saa moja tu ya mchana? akauliza Bibi Harusi.

– Shoga, mimi saa sita nachota viazi kwenye sahani za watoto mia nne. Jiko la shule linampa mpishi ruhusa saa sita? Nikiacha kazi, bima imekwenda. Bima ikienda, dawa za Lucius zimekwenda. Wameshanipa na karatasi ya ile nyumba ya wazee. Eti nifikirie.

Mume wa tatu wa Bibi Harusi alikaa nyumba hiyohiyo miezi mitano. Alitoka na kidonda mgongoni kinachoingia ngumi, na hakukaa sana duniani baada ya hapo.

– Sasa nisikilizeni, akasema Verlene, kidole kikigonga ramani. Ramani ya kwanza haikutugusa. Ilikuwa imewatoa nyinyi, 214. Mnakumbuka mlivyolia?

– Tulilia, akasema Gazeti.

– Ramani ya pili inatoka, 214 imerudi Ollister, na 219 imetolewa. Mimi ni 219. Kumbe tunakaa benchi moja, namba mbalimbali. Hiyo haikujileta. Kuna mtu kaiandika kwa mkono wake. Nataka kumjua.

Breki alimjua. Mkono wenyewe ulikuwa umeshika kikombe.

Ilikuwa hivi. Ollister ilijaa mpaka watoto wakawa wanasomea kwenye makontena uwanjani, na Tarvin ilikuwa na madarasa matupu. Bodi ikaikata kaunti vipande vipande, kila kipande na namba yake, ikaanza kuvipanga upya. Mtu asiyetaka kipande chake kihame alipewa fomu ya pingamizi yenye visanduku viwili: cha kwanza, namba unayotaka ibaki, cha pili, namba ya kwenda badala yake, na iwe na watoto idadi hiyohiyo. Bila cha pili, fomu haipokelewi. Basi jioni moja ya Septemba wakakutana mezani kwa Gazeti, watu watatu. Verlene hawakumwita, kwa kuwa jioni hawezi kumwacha Lucius, na tena walijua ni wa 214 kama wao, si kona yao ni moja? Gazeti akapiga hesabu. 214 ina watoto sitini na mmoja. Akapekua orodha, akapata 219, sitini na mmoja, kamili kama kifungo na tundu lake. Wakaitazama juujuu, wakaona ni zile ghorofa za kupanga kule barabara kuu.

– Hao hawaji mikutanoni, alisema Bibi Harusi usiku ule. Mpaka wasikie, mambo yameisha.

Breki akatia sahihi wa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyeifuata ile mistari mpaka mwisho. 219 ilikuwa na mkia. Mkia ulipita nyuma ya mashine za kufulia, ukazunguka, ukachukua nyumba sita za upande wa pili wa Mtaa wa Dabney. Ya tatu ni ya Verlene.

Hilo waliligundua ramani ya pili ilipotoka, karibu wiki tatu zilizopita. Na fomu ilikuwa inaweza kuondolewa, mtu aende tu ofisini aseme naiondoa, mpaka jana Ijumaa saa kumi na moja jioni. Lakini ukiiondoa, 214 inarudi motoni. Ndani ya 214 kuna Demond, mjukuu wa Breki, anayerusha mpira katika timu ya Ollister, na watu wa vyuo wameanza kuja kumtazama wampe nafasi. Kuna nyumba ya Bibi Harusi anayotaka kuiuza, na nyumba ya Ollister huuzika kwa wiki, ya Tarvin hukaa na kibao cha kuuzwa mpaka kibao kinaota kutu. Gazeti hana mtoto wala mjukuu wala nyumba ya kuuza. Yeye alifurahi tu hesabu ilivyotimia.

Kwa hiyo Gazeti ndiye aliyewahi kusema, harakaharaka, kama mtu anayeziba harufu.

– Ni wale wa uwanja wa gofu.

– Wa gofu watoto wao wanasoma shule za kulipia, akasema Verlene.

– Ndiyo maana! Mtu asiye na mtoto shuleni ndiye mwenye nafasi ya kuwapangia wenzake.

Breki alimwangalia Gazeti. Gazeti hata hakupepesa.

– Gofu kitu gani, akadakia Bibi Harusi. Huyo ni mkurugenzi wa elimu. Mke wake wa kwanza anakaa wapi? 219! Mlango mwekundu, naujua. Nyie hamwajui wanaume. Akishaachana na mwanamke hataki hata basi lisimame mlangoni kwake.

– Yule mama ana miaka sitini na mitano, Arnetta, akasema Gazeti. Anasoma kidato cha ngapi?

– Ana mpwa.

– Mpwa yuko jeshini.

– Basi atarudi! Wewe unabisha nini na mimi mambo ya talaka? Umemwoa nani?

Verlene hakucheka. Zamani angecheka mpaka ajishike mbavu. Macho yake yakamfuata Breki, yakatulia hapo, na Breki akaona asiposema kitu ukimya utasema badala yake.

– Mimi naona ni kocha wa Tarvin, akasema. Tarvin hawajashinda mechi miaka mitatu. Kule 219 kuna wale mapacha wa akina Goolsby, futi sita na nusu kila mmoja. Nimewabeba mimi mwenyewe tangu hawajafikia kamba ya kengele. Kocha kawaona, kamwambia mtu wa bodi, mtu wa bodi kachora mstari. Mpira huo! Mpira unaweza kuhamisha mto.

Alisema vizuri. Alisema mpaka akaanza kuamini, akamwona kabisa huyo kocha na kalamu mkononi, na moyo ukampoa kidogo.

– Kumbe 219 unaijua, akasema Verlene.

– Eh?

– Mapacha unajua wanakaa 219. Nani mwingine yumo?

– Njia ya basi, Verlene. Mtu anajua njia tu. Namba ni mambo ya juzi.

Mguu wa kulia ukakanyaga saruji. Gazeti akaingia kati kumwokoa rafiki yake, na hapo ndipo mazungumzo yalipopoteza akili.

– Mnatafuta mtu, wakati si mtu! Ni kompyuta. Kampuni iliyowachorea ile ramani ndiyo inayopanga makasha kwenye meli. Haioni mtoto, inaona kasha. Kasha hili zito, weka huku. Kasha hili jepesi, weka kule. Nimesoma.

– Umesoma wapi?

– Nimesoma. Na tena Ollister yenyewe inakwenda kufungwa. Wanaipunguza kidogokidogo, watoto wakiisha wanageuza jela. Mmeshaona madirisha yake? Yale ni madirisha ya shule?

– Jela, kweli! akasema Bibi Harusi, macho yakimtoka. Ndiyo maana wamejenga ukuta upande wa reli! Wafungwa watashushwa kwa treni.

– Na hiyo namba, akasema Gazeti, akainua kidole, imetoka mara mbili kwenye bahati nasibu ya mwezi uliopita. Mbili, moja, tisa. Mara mbili! Kuna mtu anacheza na sisi.

– Mume wangu alale kwenye mavi yake kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, akasema Verlene polepole, kwa sababu ya bahati nasibu?

Gazeti akashusha kidole.

– Semeni basi, akasema Verlene. Hamsemi? Anasikia, mnajua? Mdomo tu ndio hautoi maneno. Kila siku saa sita kasoro anageuza macho mlangoni. Kezia akichelewa dakika mbili, machozi yanamtoka huyo mwanaume, Lucius, aliyekuwa anabeba friji peke yake. Wewe Breki ulimwona akibeba.

– Nilimwona, akasema Breki. Friji ile ilikuwa ya Breki mwenyewe, na ngazi zilikuwa kumi na nne.

Mlango wa duka la kufulia ukafunguka, akatoka mtu mfupi mwenye kapu la nguo zilizokunjwa, kofia ina vumbi jeupe la saruji. Akaiona ramani mapajani mwao, akasimama.

– Samahani, wazee. Nyinyi mnaielewa hiyo?

– Wewe ni nani, mwanangu? akauliza Verlene.

– Efraín Quiroga, mama. Nalaza vigae. Nakaa zile ghorofa za barabara kuu.

– 219, akasema Verlene.

– Ndiyo, 219. Nina binti, anaingia sekondari mwakani. Alhamisi nilikwenda mkutanoni, mara ya kwanza. Sikupata zamu ya kusema, lakini dada wa mezani alinipa hii.

Akaweka kapu chini, akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne. Breki aliitambua kabla haijafunguliwa, hata rangi yake. Kisanduku cha kwanza kilikuwa kimejazwa kwa mwandiko wa uangalifu: 219. Cha pili kilikuwa kitupu.

– Jana nilikaa nayo kazini mchana kutwa, akasema Efraín. Nikawa nasema, nitaje nani? Simjui mtu. Nikiandika namba, ni watoto wa mtu huko. Saa kumi na moja, mwisho wa kupokea fomu, ikapita. Nikaona labda sikuelewa, labda kuna namna wenzangu wenye uzoefu wanafanya.

Akawatazama kwa zamu, kwa heshima kabisa, kama mwanafunzi.

– Nyinyi wa kona hii nasikia mlifaulu. Kile cha pili mliweka nini?

Bibi Harusi alianza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Alikitafuta kwa muda mrefu. Gazeti alisoma ramani upande wa kaunti jirani.

Verlene hakuwatazama hao. Aliichukua ile karatasi mkononi mwa Efraín, akavitazama visanduku vyake viwili, akaitazama ramani, 214 ikiwa ndani, 219 ikiwa nje, na Breki aliona jinsi jambo linavyoingia usoni mwa mtu, si ghafla, bali kama maji yanavyopanda ndani ya nyumba.

– Kila pingamizi ni lazima litaje, akasema Verlene.

– Ndiyo, mama, akasema Efraín. La sivyo hawalipokei.

– Na lenu lilipokelewa.

– Dada Verlene, akasema Bibi Harusi, haki ya Mungu tulidhani ni...

Akamwona Efraín, akanyamaza.

– Mlidhani ni yeye, akasema Verlene.

Efraín hakuelewa, au alielewa. Aliinama, akaliokota kapu lake, lakini hakuondoka.

– Hatukujua una nyumba humo, akasema Breki. Verlene, nakuapia. Tulitafuta namba tu. Siku tunaandika hatukujua.

– Siku mnaandika, akasema Verlene. Sawa. Nakubali.

Akaikunja ramani. Aliikunja vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, mapaja yao yakabaki wazi kwenye baridi. Kisha akamgeukia Breki peke yake, na hakupandisha sauti hata kidogo.

– Mlijua lini?

Gazeti alitaka kusema. Verlene akamnyanyulia kiganja bila kumtazama.

– Nimemuuliza huyu.

Breki akafungua mdomo. Siku aliijua. Ilikuwa Jumanne, ramani ya pili ilipobandikwa maktaba, na alikuwa ameiendea peke yake, amevaa miwani, ameufuata ule mkia kwa kidole mpaka nyumba ya tatu. Alirudi nyumbani, akala chakula cha jioni. Kulikuwa na siku kumi na saba bado za kuiondoa ile fomu. Aliijua Jumanne ile kama anavyojua jina la mama yake, na mdomo ukabaki wazi, na Jumanne haikutoka.