Hudson Mutisya Nzioka, Fundi wa Milio ya Simu (1963–2025)

Hudson Mutisya Nzioka alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 karibu na Wote, Makueni, mtoto wa nne wa Mzee Nzioka na Mama Kalondu. Alisoma hukohuko hadi kidato cha nne, kisha akafuzu ufundi wa simu jijini Nairobi mwaka 1986.

Miaka miwili baadaye alitumwa Lamu kwa miezi sita tu, akakaa maisha yake yote. Alipanga nyumba mtaa wa Langoni. Mlio wa simu inayoita, wa laini yenye shughuli, wa laini iliyokatika, yote aliitambua kwa sikio. Siku moja jirani yake, Bi Swafiya, alimwita: "Bwana Hudson, ndoo unisikilizie simu hini. Mwanangu hashiki." Akasikiliza kidogo, akacheka. "Usimlaumu, Bi Swafiya. Anaongea na mwingine." Tangu hapo mahamri hayakumkosa asubuhi.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Mwalimu Mueni. Wakajaliwa Emily na Ryan.

Mwaka 2016 ofisi yake ilimpa kazi ya kuufundisha mtambo kutambua milio hiyo. Mgonjwa akihitaji boti, mtambo ungempigia nahodha wa boti ya wagonjwa katika mji wa Faza. Ukisikia laini ina shughuli, upige tena. Ukisikia sauti ya mtu, uandike: imepokelewa. Tarehe 9 Mei 2017, saa saba mchana, boti iliombwa kwa ajili ya Radhiya, mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu. Mtambo ukaandika: imepokelewa. Boti haikwenda. Radhiya alikufa pamoja na mwanawe. Nahodha, Bwana Gharib, aliapa kwamba simu yake haikulia. Hakuna aliyemwamini. Alifutwa kazi, akaitwa muuaji sokoni.

Kesho yake Hudson aliisikiliza rekodi ya simu hiyo. Hapakuwa na mtu. Ulikuwa mlio wa laini mbovu, unaopanda na kushuka, na mtambo alioufundisha yeye uliudhania sauti. Mkubwa wake akamwambia anyamaze. Watoto walikuwa wakisoma, akanyamaza. Hatumpambi: aliogopa. Kwa miaka minane, kila alipoona boti ya Faza gatini, aligeuza njia.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Akiwa amelazwa Mombasa alisema, "Andika yote, Emily, yasomwe siku ya kunizika. Usinisitiri." Tarehe 2 Agosti Emily alikwenda Faza kumsomea Bwana Gharib maneno hayo ya babake. Bwana Gharib alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Babako alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake."

"Sitakuya kumzika. Lakini niletea karatasi hiyo ikishapigwa chapa. Mamangu alikufa akidhani ni mimi."

Marehemu alipoletewa jibu hilo alilia. Alifariki tarehe 11 Agosti 2025, saa nne asubuhi, na anazikwa leo shambani kwake Kililana.

Ameacha mjane, Mueni, watoto, Emily na Ryan, wajukuu watatu, na dada yake mmoja, Makueni.

Nakala ya kwanza ya ratiba hii ya mazishi imekwishapelekwa Faza. Na isikike mbele ya kaburi hili: simu ya Bwana Gharib haikulia. Mungu amrehemu Hudson, ampe utulivu.